Uzi mwekundu kwenye sindano

Maji ya ziwa Kivu pale Kituku, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, huwa maangavu. Mwanzoni mwa Juni 2021 yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kila aliyekuwa na bidoni alikuwa ameteremka ufukweni, na miguu ya watu ilikoroga tope toka alfajiri hadi giza.

Volkano ya Nyiragongo ilitapika jioni ya tarehe 22 Mei. Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, lakini ilikuwa tayari imeharibu tangi na mabomba ya maji. Tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru kata kumi za Goma zihamwe, kwa hofu kwamba moto ungeweza kutokea hata chini ya ziwa. Wengine wakaenda Sake, wengine Gisenyi, wengine wakapanda mashua hadi Bukavu. Waliobaki katika kata za Himbi na Kyeshero walikunywa ziwa.

Nilikuwa msimamizi wa timu ya maji katika shirika moja. Kazi yetu ilikuwa kuzuia kolera. Kila bidoni ya lita 20 ilipita mbele ya mtia klori, naye akavuta dawa kwa bomba la sindano na kuimimina, kisha mwenye maji akasubiri nusu saa kabla ya kunywa. Dozi ilikuwa mililita 4 za mchanganyiko wa asilimia moja. Tope hula klori, na jioni moja vipimo vikashuka: tulitaka klori iliyobaki ifikie miligramu 0.5 kwa lita, tukakuta 0.2. Ilibidi tupande hadi mililita 6.

Nikaandika ujumbe mmoja kwa Kifaransa, mistari kumi na minne, nikautuma kwa wote kwa simu: wakubwa wa Kinshasa, watia klori, mashofa wa kamio, yaani malori yetu ya maji, na mashefu wa avenue, viongozi wa mitaa. Nilianza na tope, nikaeleza vipimo, nikafika kwenye dozi, mwisho nikaandika kwamba kamio za Sake zitoke kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Niliamini kabisa kwamba kumpa kila mtu neno lile lile ni kumheshimu. Sikutaka shofa aone kwamba nimemficha kitu alichoambiwa bosi.

Asubuhi nilikuta kamio bado zimeegeshwa. Mashofa walikuwa wamesoma mistari mitatu ya juu, wakaona ni mambo ya dawa, wakafunga simu. Sake ilisubiri maji hadi mchana.

Kituku ilikuwa mbaya zaidi. Watia klori wawili walikuwa wameongeza dozi, wawili hawakuongeza, na mmoja alielewa kwamba aongeze 6 juu ya 4. Bidoni zake zilinuka kama nguo zilizolowekwa kwenye javel, ile dawa ya kung'arisha nguo. Mwanamke mmoja akanusa, akapiga kelele: “Mazuku!” Mtu wa Goma akisikia neno hilo hangoji maelezo. Ni ile hewa inayoua inayotuama mashimoni kando ya ziwa, na katika siku zile kila mtu alikuwa akiisubiri itoke. Watu wakamwaga maji, wakakimbilia upande wa pili wa mawe, wakachota mabichi. Shefu wa avenue alikuwa pale, na ujumbe wangu ulikuwa kwenye simu yake, lakini hakuwa na neno hata moja la kuwaambia.

Nililiona kundi lile la watoto wakibeba maji mabichi, na bado naliona.

Jioni, mama aliyekuwa mkubwa wa watia klori wa Kituku aliniita pembeni. Alikuwa na umri wa kunizaa.

“Mwanangu, nisomee ile barua yako.”

Nikasoma. Kila mstari akanisimamisha: “Hapo unaongea na nani?” Mstari wa tope nikamjibu, na Kinshasa. Wa vipimo, na Kinshasa. Wa dozi, nikasema, na nyinyi.

“Sisi tuko wa ngapi?”

“Wa tisa, mama.”

“Na mikono yetu iko kwenye bidoni tangu saa kumi na moja. Nani ataifuta maji afike wa tisa?”

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Akatoa uzi mwekundu kwenye kitambaa chake, akaufunga kwenye bomba la sindano, pale kwenye alama ya 6. “Vuta mpaka kwenye uzi. Basi.” Tulikaa hadi usiku tukifunga nyuzi kwenye sindano zote.

Saa kumi na moja nilikuwa kwenye kamio, kabla injini hazijawaka. Nikawaambia mashofa barabara na saa, nikanyamaza. Wakanirudishia wenyewe: “Sake kwanza, patro, halafu Kituku.” Ripoti ya Kinshasa niliiacha na tope lake na tarakimu zake zote, maana huko walihitaji tarakimu ili watutumie klori zaidi.

Kwa watu wa foleni nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Mama alinikataza nisiyaseme mimi. Alimwita shefu wa avenue, mtu aliyewazika wafu wao na kuamua kesi zao, akampa sentensi moja: mazuku haina harufu, kinachonuka ni klori. Kisha yeye mwenyewe akachota kutoka bidoni iliyomaliza nusu saa yake, akatia kidonge cha kupimia kwenye kichupa, akakitikisa, akakiinua juu kwenye jua. Maji yakawa ya waridi.

“Mnaona rangi? Hiyo ndiyo dawa.”

Akamimina kikombe kingine kutoka bidoni ile ile, akanywa chote mbele yao. Mwanamke aliyepiga kelele jana alikuwa wa nne kwenye foleni. Alikiangalia kichupa kwa muda mrefu, kisha akasogeza bidoni yake mbele.