Foleni ya mawe

Alfajiri pale feri, umati wote hutoka Likoni kuingia kisiwani Mombasa kutafuta riziki. Jumatatu ile mimi nilikwenda kinyume chao. Shangazi yangu anaishi bara ya Kwale, mbali na lami, na alikuwa amenipigia simu: karatasi za marehemu mumewe zimekwama ofisini mwezi wa tatu sasa, macho yake hayasomi tena maandishi madogo, niende nikasimame naye.

Nilidhani matatu ya Kwale itakuwa tupu saa ile. Ilijaa. Nusu ya abiria walikuwa na kadi za kazi shingoni, na kijana niliyeketi naye alipakata mkoba wenye chakula chake cha mchana. Ni karani katika ofisi ileile niliyokuwa naiendea.

"Wengi wetu tunalala Mombasa, kaka," aliniambia. "Hapa nimetoka Bamburi saa kumi na nusu."

Tukapita Ng'ombeni, tukapita Waa, Kombani tukakata kulia tukaanza kupanda. Ukifika Golini hewa hubadilika, joto la pwani linabaki chini, upepo unakuja na harufu ya majani mabichi.

Mji wa Kwale ndio makao makuu ya kaunti tangu 2013, kaunti 47 zilipoanza kazi chini ya Katiba ya 2010. Kabla ya hapo ulikuwa mji wa wilaya, na jambo likiwa zito lilipelekwa Mombasa, kwenye ofisi za mkoa. Nakumbuka utotoni shangazi akibisha kwetu Majengo, Mombasa, jua likizama, kanga imelowa jasho, bahasha kaifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Alilala kwetu siku mbili, mara nyingine tatu, akifuata muhuri mmoja tu. Zama zile sitaki zirudi. Ibara ya 6 ya Katiba inaiagiza serikali ifikishe huduma zake pande zote za nchi, na mimi naiamini ibara hiyo kwa moyo wangu wote.

Kutoka Kwale tulipanda gari jingine, mimi na yule karani, tukafika ofisini saa nne kasoro.

Mlangoni hapakuwa na foleni ya watu. Palikuwa na foleni ya mawe. Kila aliyefika alfajiri ameweka lake, akaenda kukaa chini ya mwembe. Kulikuwa na kipande cha tofali, ndala moja ya buluu, kifuu cha nazi, fimbo ya mzee iliyolazwa chini. Jiwe la shangazi lilikuwa la nne, jeupe, kalitoa kwake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na wenye ofisi?"

Nilikuja nao kweli. Mlango ulifunguliwa, watu wakanyanyuka, kila mmoja akasimama penye jiwe lake. Zamu yetu ilipofika, karatasi zilikuwa kamili ila sahihi moja, na mwenye kutia sahihi alikuwa hajafika kutoka Mombasa.

Mchana nilimuuliza yule karani kwa nini hahamii. Hakukasirika. Chumba cha kupanga kipo, akasema, lakini maji hununuliwa kwa mtungi, na mkewe ni mwalimu kule kisiwani. "Nikija peke yangu, watoto nawaona lini?"

Simlaumu. Tangu 1983, serikali ilipotangaza kwamba wilaya ndiyo itakayokuwa kitovu cha maendeleo ya mashambani, tumekuwa tukihamisha ofisi na kumsahau mtu wa kuketi ndani yake. Jengo lile lina bendera na mabati mapya. Halina nyumba hata moja ya mtumishi, wala tangi la maji. Na pale chini ya mwembe niliwakuta vijana wawili wa kijijini waliomaliza chuo, hawana kazi, kwao ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kwa nini wasiajiriwe hao?

Saa tisa na nusu ofisi ilifungwa, maana gari la mwisho halingoji. Nilimwomba shangazi turudi wote Mombasa apumzike kwetu. Akakataa, nani atafungulia mbuzi? Akainama, akaliokota lile jiwe jeupe, akaenda kuliweka mlangoni kwa ajili ya kesho. Safari hii lilikuwa la kwanza.