Zimebaki siku 6

Jamani, daftari la marejesho linasoma 156,000! Mama alipolazwa mwezi uliopita nilikimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, 600,000, narudisha 26,000 kila siku kwa siku 30, Jumapili ikiwemo. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri niko soko la samaki Feri nagombea vibua mnadani, halafu Magomeni kwenye karai mpaka usiku. Bei ya mafuta ya kupikia hata tusiiongelee.

Juzi ndiyo nilijua sijui. Mvua toka asubuhi, Jangwani imejaa maji, wateja hakuna. Saa kumi kamili dada wa marejesho huyo, kakaa kwenye benchi langu, kanuna, hata maji hataki. Nimeuza 9,000 tu. Nikampigia kijumbe wetu wa mchezo, anayekusanya pesa tunazochangishana na kupokea kwa zamu, nikamwomba anisogeze zamu yangu nipokee mapema. Hakuuliza maswali, pesa ikaingia kwenye simu palepale. Shoga, Mungu akupe maisha marefu.

Yule dada akahesabu mara mbili, akasaini daftari, akachungulia kabatini. "Haya, nifungie vibua viwili."

Halafu akaomba punguzo!