Kifo cha kunguru
Kila nionapo kunguru aliyekufa bila jeraha, hukumbuka virusi vya West Nile, vilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Uganda mwaka 1937, kisha vikaibuka New York mwaka 1999, ambako kunguru walikufa kwa wingi huku watu wakiugua uvimbe wa ubongo. Mbu wa jamii ya Culex hufyonza virusi kutoka kwa ndege, na baada ya siku kadhaa huweza kumwambukiza ndege mwingine, au mtu. Binadamu na farasi, hata wakizidiwa, kwa kawaida hawana virusi vya kutosha katika damu kumwambukiza mbu. Mzunguko hudumishwa na ndege. Hata hivyo, nasikitika wanapolaumiwa, kwani nao ni wagonjwa.