Stelingi imeacha kunivuta, alhamdulillahi

Wiki tatu nzima nimegombana na hii stelingi ya mtumba, ya kuchezea gemu ya malori kwenye kompyuta, na leo saa nane usiku imekubali kukaa katikati. Nimetoka Rotterdam mpaka Calais trela iko nyuma yangu imenyooka, haichori nyoka.

Gemu yenyewe, Euro Truck Simulator 2, mnaijua, mambo ya kuunganisha sirudii. Shida ilikuwa hivi, nikiwasha stelingi inajizungusha mwisho kulia, mwisho kushoto, halafu inasimama imepinda, alama ya juu imelala upande kama vidole vitatu. Naikalibreti, yaani naionyesha katikati ni wapi, inakubali, naingia barabarani, dakika tano tu lori lishaanza kuvuta kushoto. Siku nyingine kulia! Nikashuku draiva, ile programu inayoiunganisha na kompyuta, nikafuta nikaweka tena mara nne. Nikashuku zile digrii 900 za mzunguko wake, mwisho mpaka mwisho. Nikaja kwa slaida ya nguvu, jinsi mota ya ndani inavyosukuma stelingi mkononi: kwa 100 katikati inapotea upesi, kwa 40 inakaa karibu saa nzima. Hapo ndipo nilipodanganyika wallahi, nikaamini ni setingi tu, wiki ya pili yote ikaishia kutafuta namba ya baraka kati ya 40 na 60.

Ami yangu, nahodha wa jahazi tangu mimi sijazaliwa, akaja kuuliza ni kelele gani zile za usiku, maana gia za ndani zinakwaruza kama kinu cha kusagia. Nikampa ashike. Hajaendesha gari maishani, na hapa Amu (Lamu) mjini aendeshe gari gani, njia zenyewe punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja arudi nyuma. Akazungusha taratibu, macho kayafumba.

"Mwanangu, hapa ndani pana kitu chateleza. Chashika, chaachia."

Nikamwambia ami, hizo ni setingi. Akacheka, akaenda zake msikitini.

Usiku ule nikafungua. Na hizi seti za bisibisi za bei rahisi jamani msinunue, skrubu ya tatu tu ncha ishakuwa mviringo, nikaenda kuazima ya nyota, ndefu, kwa fundi wa mashine za boti. Ndani, kwenye mhimili wa mota, kuna kisahani cha plastiki, hakifiki hata sarafu ya shilingi kumi, pembeni kimejaa matundu membamba, taa upande huu, jicho upande ule, na ndiyo hesabu yote ya stelingi imezunguka kiasi gani. Kimepasuka! Ufa kama unywele, kutoka tundu la kati mpaka ukingoni. Mota ikisukuma kwa nguvu mhimili unakwenda, kisahani kinabaki nyuma, hesabu inapotea. Ndio maana 40 ilivumilia na 100 ikashindwa. Nikakaa na tochi ya simu nautazama ule ufa, sijui nicheke ama niitupe baharini.

Supagluu tone moja, kwa ncha ya sindano ya nyanya yangu, pumzi nimeziba, maana ikimwagikia matundu umeshazika. Nikaiacha siku nzima. Leo nimepiga 100, haikupotea hata kidogo, nikashusha 75 kuonea huruma mikono. Nikavuka mpaka Dover, tunapita kushoto kama kwetu, kila tairi likigusa ukingo wa lami nalisikia kiganjani.

Sasa zamu ilikuwa ya pedali, breki inarukaruka. Lakini juzi nimevuka Mokowe, ng'ambo ya bara, nikaona lori limesimama mlango wazi, stelingi yake kama sinia ya pilau, na yangu sentimita 28, kama ya mtoto. Kuna kipande cha mbao nimekipata kwa fundi wa Matondoni, nataka duara la 45. Najua, duara likiwa kubwa ile nguvu inapungua mkononi, itabidi nirudi 100, na gluu yenyewe ni tone moja. Ami ashachora duara kwa kamba na msumari. Pedali zitangoja.