Siku Saba, Kisha Saba Nyingine

Masomo: Walawi 13:1–8, Marko 1:40–44

Wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Sura ya 13 ya kitabu cha Walawi ni miongoni mwa zile ambazo wengi wetu huziruka tunapojipangia kuimaliza Biblia kwa mwaka, kwa kuwa imejaa vipele, mabaka na nywele zilizogeuka rangi, na msomaji hujiuliza mambo hayo yanamhusu nini mtu anayeishi Mwanga au Gungu, hapa Kigoma, leo hii. Wiki hii nimelazimika kurudi humo kwa ajili ya kijana mmoja wa jumuiya yetu, mnunuzi wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, ambaye ameniridhia nisimulie habari zake bila kumtaja jina.

Miaka miwili iliyopita, akiwa safarini kibiashara, aliteleza usiku mmoja na mwanamke ambaye hakumfahamu. Miezi mitatu baadaye alikwenda kupima Virusi vya UKIMWI, akaambiwa hana maambukizi. Alipima tena ilipotimia miezi sita, majibu yakawa yale yale, na hapo ndipo lilipopaswa kuisha. Badala yake alianza kupima kila mwezi, akihama kituo hiki kwenda kile ili wahudumu wasimzoee, na alipoishiwa vituo akanunua vipimo vya kujipima nyumbani. Siku aliponijia alikuwa ameshapima mara 14.

Alinifungulia leso, ndani yake kikiwamo kimojawapo cha vipimo hivyo vya kupangusa fizi, alichokuwa amekitumia wiki tatu nyuma. Akawasha tochi ya simu, akakiinamisha huku na huku mbele ya macho yangu, akitaka nikiri kwamba chini ya ule mstari mmoja pana kivuli cha mstari wa pili, yaani alama ya maambukizi. Sikukiona kivuli chochote. Na hata kama ningekiona kisingekuwa na maana, kwa sababu kipimo kile husomwa kati ya dakika 20 na 40, si baada ya wiki tatu za kukaa ndani ya leso. Kisha akanishika mkono, akaupeleka shingoni pake nipapase mitoki. Pale mahali palikuwa pamevimba kidogo na panauma, kama ambavyo pangeuma popote panapobonyezwa kwa vidole mara arobaini kwa siku. Amekonda, ni kweli, lakini hali wala halali. Anatoka jasho usiku, nayo ilikuwa Oktoba. Ni nani katika mji wetu asiyetoka jasho usiku wa Oktoba kabla mvua hazijaanza?

Sisemi hayo kwa kumdhihaki. Hofu ni kitu cha mwilini kabisa: huupeleka moyo mbio, huvuruga tumbo, huondoa hamu ya chakula, na mwenye hofu huzisoma dalili hizo kama ushahidi wa ugonjwa anaouogopa, hivyo hofu ikazaa dalili, na dalili ikazaa hofu. Kila majibu mapya yalimpa utulivu wa siku mbili, pengine tatu, kisha likaja swali: je, kama walikosea? Kadiri alivyolijibu swali hilo kwa kupima tena, ndivyo lilivyozoea kurudi.

Sasa tazameni utaratibu ambao Bwana aliwapa makuhani. Mtu mwenye doa ngozini aliletwa, akaangaliwa, na kama jambo halikuwa wazi akatengwa siku saba. Siku ya saba aliangaliwa tena, akaongezewa saba nyingine. Baada ya hapo, doa likiwa limefifia wala halikuenea, kuhani alitamka kwamba mtu huyu ni safi, naye akafua nguo zake. Ninavutwa na mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba Mungu hakudharau haja ya kungoja, kwa maana yako mambo ambayo hayawezi kujulikana siku yake ya kwanza. Vipimo vingi vinavyotumika vituoni kwetu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza baada ya virusi kuingia, na kwa kuwa kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, kuna kipindi cha dirisha ambacho mtu anaweza kuwa na virusi na kipimo kisivione. Ndiyo maana huambiwa arudi baada ya miezi mitatu. (Aliyepatwa na jambo la hatari leo asikae kungoja miezi hiyo, bali awahi kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa zipo dawa za kinga zinazomezwa kwa siku 28.)

La pili ni kwamba kungoja kule kulikuwa na mwisho. Hakuna juma la tatu kwa mtu ambaye doa lake limefifia. Mstari wa 7 unamruhusu kurudi kwa kuhani, ila kwa sababu moja tu, doa likienea baada ya kutamkwa safi. Vivyo hivyo, aliyepima baada ya miezi mitatu akakutwa hana, hana sababu ya kurudi kwa ajili ya usiku ule ule, isipokuwa pametokea jambo jipya.

Nilipomsomea hayo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mzee, lakini mimi nilistahili kuupata." Nadhani neno hilo ndilo alilokuwa akilipeleka maabara mara zote 14. Alikuwa anaiuliza damu yake kama Mungu amemsamehe, na damu haina jibu la swali hilo. Kuhani wa Walawi naye aliangalia ngozi tu. Tuliungama pamoja jioni ile. Nilimwomba pia aende kwa daktari wa afya ya akili, kwa maana hofu ya namna hii ina matibabu yake, na sioni kwa nini tumpeleke hospitali mwenye malaria halafu mwenye hofu tumwambie kwamba imani yake ni haba.

Lakini kuna jambo katika sentensi yake lililoniuma, nami sikulificha. Kama yeye "alistahili," je, wale wanaoishi na virusi wanahesabiwaje? Ninawaomba msiichukue sura hii kana kwamba walio na virusi ni najisi. Katika Marko, Yesu alimgusa mwenye ukoma kabla hajatakasika, ndipo akamtuma akajionyeshe kwa kuhani.

Kwa ridhaa ya kijana huyo nilimpeleka kwa mama mmoja wa kwetu, ambaye anameza dawa za kufubaza virusi tangu mwaka 2009 wala hafichi. Tulimkuta barazani akimenya mihogo. Alipokea shikamoo yetu, akamsikiliza kijana mpaka mwisho bila kuacha kumenya, kisha akamwambia, "Mwanangu, hicho kinachokukosesha usingizi mimi ninaishi nacho. Saa tatu usiku nameza kidonge changu, nasali, nalala. Wewe usiye nacho ndiye unayekesha?" Akaeleza pia jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba mtu anayemeza dawa ipasavyo hata kiwango cha virusi kikawa hakionekani tena kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Kijana aliinama, akachukua kisu cha pili, wakamenya wote.

Boksi moja la kipimo lililokuwa halijafunguliwa aliniachia mimi, nami nimelitia kwenye droo ya meza yangu. Ameshapiga simu mara mbili kuliulizia. Mara ya pili ilikuwa saa nane usiku. Sikumwambia lipo wala halipo, tukasali, kisha nikamuuliza habari za mwaloni, akaanza kunieleza jinsi mwezi mpevu unavyowazuia wavuvi kuwapata dagaa kwa taa, na bei inavyopanda siku hizo, tukaendelea hivyo mpaka salio lake likaisha.