Barua nne, video moja

Kwa miezi 7 tuliandika barua 4 kuhusu mtaro ulio wazi mbele ya shule ya msingi. Kila barua iligongwa muhuri wa kupokelewa, ikaishia hapo. Kisha jirani yangu akarekodi video ya sekunde 40, watoto wakiuruka mtaro huku mvua inanyesha, akaiweka mtandaoni usiku. Kesho yake mchana, yule ofisa ambaye kila tukienda "yuko kikaoni" alikuwa amesimama pale pale, na mpiga picha wake. Mifuniko iliwekwa wiki hiyo hiyo. Fundi akatuambia fedha zilitengwa zamani.

Nilifurahi, sikatai. Ila nawaza mitaa ambayo haina wa kurekodi.

Shinikizo hufika hata juu kabisa. Juni 2024 vijana wa Kenya walianzia mitandaoni wakaingia barabarani, na tarehe 26 Rais Ruto akatangaza hatautia saini Muswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi waliokuwa wakiupinga. Lakini watu walikuwa wameshauawa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Barua ya tano, ya taa za barabarani, nimeipeleka jana. Safari hii nimedai tarehe ya majibu, kwa maandishi.