Gari iliyokataa kukata kushoto

Jumapili ya tatu mfululizo tulikuwa uwanjani upande wa Fumba saa kumi na mbili na robo asubuhi, na kwa mara ya tatu gari ikazunguka kama pia. Mpwa wangu akazima injini, akavua helmeti, akapangusa vumbi usoni. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. "Mjomba," akasema, "gari yako ina mguu mmoja mbovu."

Nikamjibu kwa ukali kwamba mguu mbovu ni wake, ule wa kulia, unaoachia mafuta katikati ya kona. Maneno yale yananisuta mpaka leo, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwa mgeni wa habari zangu: hapa Mwanakwerekwe natengeneza gari ndogo ya mbio, viti viwili, haina paa, injini iko nyuma ya mgongo wa dereva. Mpango ni gari tatu tu. Ya kwanza ni hii ya kuonea taabu. Ya pili ni ya binamu yangu wa Chake Chake. Ya tatu mwenyewe bado anafikiri, na kila akifikiri ananiuliza kama tunaweza kuweka kiyoyozi.

Barazani wananitania kwa Nyayo, ile gari ya Kenya iliyotolewa hadharani mwaka 1990. Zilitengenezwa tano za mfano, ikaishia hapo. Mimi najibu kwamba wale walitaka kiwanda cha nchi nzima, mimi nataka tatu, kwa hiyo nikifika tano nitakuwa nimepitiliza.

Injini ni ya Toyota IST, 1NZ ya cc 1,500, ambayo ukirusha jiwe Darajani huikosi. IST karibu zote ni otomatiki, basi gia ya mkono nimeitoa kwenye Probox, maana injini ni moja. Kitu kizima cha mbele, yaani injini, gia, ekseli, shokapu na mikono yake, nimekihamishia nyuma. Wazo si langu. Fiat walifanya hivyo na X1/9 mwaka 1972, na Toyota wenyewe walichukua vitu vya Corolla wakatengeneza MR2 mwaka 1984. Mbele ya gari nimefunga tena miguu ya mbele ya IST nyengine. Ekseli zake nimezikata nikabakisha vichwa tu, kwa sababu beringi za vile vitovu zinabanwa na nati ya ekseli. Ukiiondoa ekseli yote, beringi inafunguka unatembea.

Bodi ni faiba, na nimeikabidhi kwa mzee mmoja wa Nungwi anayetengeneza boti. Kalibu tuliijenga kwa plaiwudi na plasta, tukaisugua wiki mbili. Kazi ya faiba wakati wa kaskazi ina adabu yake. Mara ya kwanza nilichanganya rezini na hadena saa sita mchana, ndoo nzima, nikaenda kujibu simu. Niliporudi ndoo inatoa moshi na rezini imekuwa jiwe, na plastiki ya ndoo imelegea kama urojo. Mzee hakunisema. Alinionesha saa yake, akaniambia yeye kazi hiyo huianza baada ya sala ya alfajiri na saa tatu anakunywa chai. Bodi yote ikatoka na kilo 48.

Chesisi ni yangu mwenyewe, bomba za mraba. Kuchomelea nilijifunza kwa jenereta, katika ile miezi ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010 ambapo Unguja yote ilikuwa haina umeme na kila mwenye jenereta na mashine alikuwa na foleni ya wateja. Chesisi ya gari kama hii adui yake ni kujisokota. Ikijisokota kama mkeka, shokapu hazina maana, huwezi kurekebisha kitu. Kupima si kazi ngumu. Nyuma unaifunga imara, mbele unaiegemeza katikati kwenye ncha moja, unafunga boriti inayotokeza mita moja pembeni, unaning'iniza mifuko miwili ya saruji. Kilo mia moja kwenye mita moja. Mwanzo ncha ya boriti ilishuka milimita 14. Nikaongeza bomba za mshazari pembeni mwa miguu ya dereva na nyuma ya viti, jumla kilo 6 za chuma, ikashuka milimita 7. Usiku ule nililala vizuri.

Uzito tuliupima kwa mizani ya mwani. Dada yangu ana rafiki anayenunua mwani Paje, akatuazima mbili za kilo 300, na gereji ikanuka bahari wiki nzima. Kwa kuwa zilikuwa mbili, tairi nyengine mbili tulizipandisha kwenye mbao za kimo kile kile, kisha tukabadilishana. Mbele kushoto 124, mbele kulia 128. Nyuma kushoto 189, nyuma kulia 195. Jumla kilo 636. Nikaona upande wa kulia umezidi kilo 10. Nikasema ni betri. Sikumbuki hata kama niliangalia betri iko upande gani.

Uwanja wenyewe ni sakafu ya lami iliyomwagwa kwa ajili ya makontena, bado haijaanza kazi, na mwenyewe ametupa ruhusa kila Jumapili mpaka saa mbili asubuhi, kwa sharti tusigonge ukuta. Unguja sijui uwanja wa mbio za magari, na barabarani sithubutu, kuna watoto, ng'ombe na daladala. Mita 220 kwa 60 zinatosha. Tunafunga kamba ya usumba ya mita 15 kwenye msumari, tunazungusha chokaa, tunapata duara. Badala ya koni tunapanga madafu yaliyokwishanywewa, yule muuzaji wa pale njia panda anatuwekea gunia. Dafu ukiligonga halikuni bodi, ila likipasuka tairini utaosha mpaka uchoke.

Zoezi la duara ni hili: unazunguka juu ya chokaa, unaongeza mwendo kidogo kidogo mpaka gari inaanza kuteleza, mtu wa nje anahesabu sekunde za mzunguko mmoja. Kulia ilitoka sekunde 8.6, ambayo kwa mita 15 ni karibu kilomita 40 kwa saa. Haisikiki kuwa ni mwendo, lakini ukiwa ndani shingo inakwambia. Kwa tairi za kawaida za mjini nilifurahi sana.

Kushoto hatukupata namba. Ilikuwa ikifika sekunde 10 tu, mkia unaondoka. Haukuondoka polepole kwa kuaga; unakwenda, unarudi, unakwenda tena, na ukipita pale kwenye kiraka cha lami ndiyo basi, umeangalia ulikotoka.

Hapo ndipo nilipoanza kutibu maradhi ya watu wengine. Nikalaumu tairi ya nyuma kulia, nikaibadilisha na ya kushoto, tatizo halikuhama. Nikalaumu shokapu, nikanunua mbili, pesa ambayo mke wangu anaijua nusu yake. Nikalaumu breki, na kweli breki zilikuwa na kosa lao: nyuma na mbele ni zile zile za IST, kwa hiyo za nyuma zilikuwa zinafunga kwanza. Nikaweka vali ya kupunguza presha ya nyuma, na sasa kutoka kilomita 80 inasimama ndani ya mita 33, mstari umenyooka. Lakini kwenye duara la kushoto mambo yalikuwa yale yale. Nikabaki na wa mwisho wa kulaumiwa, mpwa wangu, ambaye ana miaka 24, anaendesha Probox ya samaki kutoka Mkokotoni mpaka mjini kila siku, na hajawahi kuipasua hata taa.

Nilimtoa kitini nikaingia mwenyewe. Nikazunguka. Nikapiga madafu manne.

Aliyeliona ni mzee wa Nungwi, na hakuja kwa ajili hiyo. Alikuja gereji kupima kioo cha mbele. Akasimama pembeni ya gari kama anavyosimama pembeni ya boti, kichwa kimeinama upande, akaniuliza, "Hii umeipima kwa maji?"

Nikamwambia nimeipima kwa pimamaji, chesisi imelala sawa kabisa, nimeisawazisha kwa vipande vya bati.

"Chesisi sawa. Na haya masikio?"

Masikio ni yale mabati mawili niliyoyachomelea nyuma kushikilia tairodi, vile vyuma vinavyoshika tairi ielekee wapi. Kwenye IST tairodi zinatoka kwenye raki ya stering. Nyuma hakuna stering, kwa hiyo ncha zake za ndani unazifunga chesisini zisicheze. Sikio la kushoto nililipima kutoka kwenye chesisi kama ilivyo kwenye mchoro. La kulia, kwa kuwa bomba la ekzosi lilikuwa linanizuia, nilichukua urefu wa lile la kushoto kutoka sakafuni, nikauhamishia kulia. Sakafuni.

Mzee akaomba mpira mwembamba unaopitisha mwanga, akaujaza maji, ncha moja akanipa mimi nishike kushoto, ncha nyengine akaishika yeye kulia. Tukasubiri maji yatulie. Yalichukua muda, kama yanafanya makusudi. Sikio la kulia lilikuwa chini kwa milimita 15.

Gereji yangu kabla sijaikodi ilikuwa sehemu ya kuoshea gari. Sakafu imelazwa kuelekea mfereji, sentimita 5 kwa kila mita 2, ili maji yakimbie. Miaka sita nafagia humo na kila siku vumbi naliona linakwenda upande mmoja likifuata maji. Zile kilo 10 za kulia kwenye mizani pia ndiyo hizo hizo: gari ilikuwa imeinamia mfereji.

Usiku ule tukatoa springi, tukapandisha gurudumu moja moja kwa jeki sentimita 5 huku tunapima uso wake. La kushoto liligeuka milimita moja. La kulia lilifunguka nje milimita 7, karibu digrii nzima. Maana yake ukikata kushoto, uzito unalalia tairi za kulia, mguu wa nyuma unabonyea, na tairi inajigeuzia nje yenyewe, kama vile kuna mtu wa pili nyuma ana stering yake na hamjapatana. Ukigonga kiraka inabonyea zaidi, inageuka zaidi. Ndiyo ule mkia wa kwenda na kurudi. Ukikata kulia, inayobonyea ni ya kushoto, nayo haina neno.

Nilijifariji kidogo kwa Pontiac Fiero, gari ya Kimarekani ambayo nayo injini yake iko nyuma ya dereva. Zile za 1984 mpaka 1987 nazo zilitumia nyuma vitu vilivyotoka mbele ya gari nyengine, tairodi zimefungwa vile vile, na zilijulikana kwa ugonjwa huu huu wa tairi kujigeuza kwenye matuta mpaka mwaka 1988 walipobadilisha miguu yote ya nyuma. Lakini wao ulikuwa uamuzi wa kubana matumizi. Mimi ni sakafu.

Nikalikata sikio kwa grinda, nikalipandisha, nikalichomelea upya, na sehemu ile sasa ina alama mbaya ya moto ambayo sitaipaka rangi. Mizani ya mwani tukaipanga tena, safari hii baada ya kuisawazisha kwa mpira wa maji: kulia na kushoto zikaachana kwa kilo moja. Betri haikuwa na kosa.

Jumapili iliyofuata mpwa wangu aliingia kitini bila kuniangalia. Kulia, 8.6. Kushoto, mzunguko wa kwanza 9.3, wa pili 8.9, wa tatu 8.7, dafu zote zimesimama. Akazunguka mara nyengine sita ambazo hakuna aliyemuagiza. Joto la maji likapanda mpaka 104, kwa sababu hewa ya rejeta bado haitoki vizuri, na hilo ni balaa jengine ambalo sijalianza. Akasimama mbele yangu, injini inanguruma, feni inalia.

Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Mguu ulikuwa wangu."

Akasema nimnunulie tairi mbili za Probox. Nimenunua.

Chesisi ya pili, ile ya Chake Chake, tumeanza kuipima juzi. Mpira wa maji sasa una msumari wake ukutani. Yeye anashika ncha ya kulia, mimi ya kushoto, na nikitaja namba haandiki mpaka aje upande wangu aione kwa macho yake.